Glavu ya Glody

La Rochelle, Johannesburg
8 Oktoba 2017

Papa mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na majirani wote wa Katuba wanaoniulizia. Mimi ni mzima. Mgongo unaniuma kidogo, lakini ni mgongo wa kazi, si wa ugonjwa. Na sikio lako je? Valentin, dereva wetu wa basi, ameniambia kwamba alipokuletea kahawa yangu alipiga honi ya basi mara tatu mlangoni, na wewe ukaendelea kugonga kisigino cha kiatu cha mtu. Ndiyo maana nakuandikia, Papa. Kwenye simu unanijibu maswali ambayo sijauliza.

Benchi langu linaendelea vizuri. Bado niko pale pale, kati ya saluni ya Spéciose, yule Mrundi mwenye kicheko, na spaza, kile kiduka cha vyakula, ya Othmani wa Tanga. Viatu, mikoba, zipu. Ila tangu mwezi uliopita nina wateja wapya, na nikikueleza ni akina nani utasema Johannesburg imeniharibu akili. Ni wacheza besiboli.

Besiboli ni mchezo wa Wamarekani. Mmoja anarusha kimpira kigumu, mwingine anakipiga kwa gongo, na wengine wametawanyika uwanjani kukidaka. Wanadaka kwa glavu kubwa ya ngozi inayovaliwa mkono mmoja. Hapa wako wachache wanaolipwa kwa kazi hiyo ng'ambo, na msimu ukiisha kule wanarudi nyumbani kwa mama zao. Aliyenijulisha kwao ni Glody, mtoto wa Angélique wa kanisani kwetu. Alizaliwa hapa. Kiswahili anasikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu.

Usifikirie majumba na magari, Papa. Mimi pia nilifikiria hivyo. Glody amecheza Amerika miaka miwili, na akianza kusimulia nacheka mpaka najichoma sindano. Walikuwa watano kwenye nyumba ya vyumba viwili, wanalala juu ya magodoro ya kujazwa upepo, na mmoja alilala ndani ya bafu kwa sababu ndiko kulikokuwa na ubaridi. Safari ya saa kumi na moja ndani ya basi, wanashuka, wanacheza, wanapanda tena. Chakula ni mkate na siagi ya karanga, asubuhi na jioni. Mwenzake Mpumelelo, ambaye kazi yake ni kurusha, analipwa na klabu ya Ujerumani. Jumapili watoto wanapanga foleni awasainie kofia, Jumatatu yeye mwenyewe anakata majani ya uwanja ule ule. Na imani zao! Hawakanyagi mstari mweupe wakiingia uwanjani. Kwenye glavu ya mtu hakuna mwingine anayetia mkono, hata ndugu yake, eti ngozi inafuata mkono wa mwenyewe na mkono wa mgeni utaivuruga. Glody yake huilaza chini ya godoro, mpira ndani. Mimi nasikiliza, natikisa kichwa, naendelea kushona.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwaka jana aliumia bega na klabu ikamwacha. Tarehe 9 Desemba wachaguaji wa klabu nyingine ya Amerika wanakuja hapa Johannesburg, siku moja tu, kuangalia vijana. Glody ana miaka ishirini na minne. Anasema kwa mchezo wao huo ameshaanza kuzeeka, na asipochaguliwa siku hiyo basi tena, atabaki mlinzi wa lango la jengo kule Braamfontein. Ameniachia glavu yake ya miaka minne nibadilishe kamba zilizokatika na kushona kidole kilichochanika. Yeye amekwenda Durban karibu mwezi mzima kufundisha watoto wa shule.

Kamba nimeweka, kidole nimeshona. Lakini Papa, nikiitazama naona haya. Imekunjamana, imekuwa nyeusi, jasho limetoa chumvi, na katikati imebonyea kama sufuria iliyoanguka. Mimi mtoto wako nimrudishie mtu kitu kama hicho? Niambie wewe ungefanyaje.

Binti yako,
Léocadie


Katuba, Lubumbashi
15 Oktoba 2017

Mwanangu Léocadie,

Barua imefika na kahawa imefika. Niko salama. Sikio la kulia limestaafu, la kushoto linajitahidi. Mvua zimeanza na paa halivuji, kwa hiyo usiniulize tena habari za paa.

Nimeisoma habari ya huyo kijana mara mbili. Mtu mzima anayelala na glavu anahitaji mke, lakini hilo si kazi yetu. Kazi yetu ni ngozi. Umenifurahisha ulipoona haya. Mtu akiweka kamba, akashona kidole, akasema amemaliza, huyo ni mshonaji wa barabarani. Fundi ni yule anayeirudisha ngozi kwenye sura yake ya kwanza. Miaka arobaini na miwili nimefanya hivyo, na wakubwa wa kampuni ya madini walipokuja kuchukua viatu vyao walikuwa wakiniuliza kama nimewabadilishia.

Fanya hivi. Ioshe kwa sabuni ya ngozi na maji ya uvuguvugu mpaka chumvi itoke. Ikiwa bado mbichi, ijaze matambara, uyashindilie kweli kweli, hata pale palipobonyea pajae na kutuna. Iache kivulini siku sita, usiwe na haraka. Kisha mafuta kidogo, kisha nyundo ya mbao, taratibu, ukinyoosha kila kunjo. Mwisho rangi. Ngozi ya ng'ombe ni ngozi ya ng'ombe, iwe ya kiatu au ya mchezo wa Wamarekani.

Akiiona hataamini macho yake.

Papa yako,
Évariste


La Rochelle
5 Novemba 2017

Papa,

Natumaini u mzima. Mimi si mgonjwa, lakini siwezi kusema ni mzima.

Nilifanya kila ulichoniandikia, hatua kwa hatua, barua yako nimeibandika ukutani. Na ikatoka nzuri, Papa! Ilitoka nzuri hadi Spéciose alikuwa anawaleta wateja wake waione, wengine na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Othmani aliomba aitundike dirishani kwenye spaza ivutie watu. Hakuna kunjo hata moja. Imetuna, inang'aa, unajiona uso.

Ijumaa Glody alikuja moja kwa moja kutoka kwenye basi la Durban, begi mgongoni. Nikamwambia afumbe macho. Hebu fikiria, Papa, nilimwambia afumbe macho! Nikamwekea glavu mikononi kama mtu anayekabidhi keki ya harusi.

Akafumbua. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. "Mama Léo, yangu iko wapi?" Nikacheka, nikasema ndiyo hiyo uliyoshika. Akatia mkono, akajaribu kuifunga, haifungi. Akachukua mpira akaudondosha katikati, ukaruka nje, ukabiringika mpaka kwenye mtaro. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa. Afadhali angenitukana kwa hicho Kizulu chake. Badala yake alisema polepole, kwa Kiswahili kabisa: "Kile kishimo nilikitengeneza miaka minne, Mama Léo. Mpira ulikuwa unajua njia."

Kumbe pale palipobonyea ndipo penyewe. Wanapaita tumbo la glavu. Mpira ukija kwa kasi unatua humo na kutulia. Bila tumbo unagonga na kuruka nje, na mdakaji hana kazi. Tumbo halinunuliwi dukani, linachimbwa na mipira, maelfu, kwenye mkono wa mwenyewe. Glavu mpya inataka msimu mzima. Kuazima ya mwenzake hakusaidii, maana ile ina tumbo la mwenzake. Na zimebaki siku thelathini na nne.

Nimelia mbele ya wateja. Aliniambia mwenyewe, Papa, alinieleza kila kitu, na mimi nikaona ni imani zao tu. Nafasi yake ya mwisho nimeipiga nyundo kwa mikono yangu. Je, ipo njia ya kurudisha kishimo kile?

Léocadie wako


Katuba, Lubumbashi
12 Novemba 2017

Léocadie,

Niko salama. Natumaini nawe.

Tangu kabla hujazaliwa nafanya kazi hii, na sijaona mteja anayeshika kichwa kwa sababu kitu chake kimekuwa kizuri mno. Labda ulizidisha maji. Labda ulishindilia kuliko nilivyosema, nakujua, mkono wako una fujo tangu utotoni. Kijana huyo kama anajua kudaka, atadaka hata kwa ungo. Mwambie ashukuru.

Sina la kuongeza.

Papa yako,
Évariste


La Rochelle
19 Novemba 2017

Papa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nakupa pole kwa sikio lako, na safari hii naona limeambukiza moyo.

Sikuzidisha maji. Sikuzidisha matambara. Nilifanya ulivyosema, na hayo uliyosema hayakuhitajika. Nimemaliza, sasa nikupe habari, maana zipo, na nyingine zitakuchekesha ukiruhusu.

Mpumelelo alikuja kuiangalia glavu. Aliinyanyua kwa kamba ya kifundo, bila kutia mkono, kama mtu anayenyanyua panya. Akainusa. "Eish," akasema, akairudisha juu ya benchi. Kisha akasema dawa ni moja, mipira mia tatu kila siku mpaka tarehe 9, na Glody mwenyewe ndiye adake yote. Glody ana nafasi asubuhi tu, kabla ya zamu yake ya lango. Sasa nani arushe? Mpumelelo hawezi. Kumbe mrushaji wa kulipwa anahesabiwa kila mrusho, hata akiwa likizo, na akizidisha klabu inamkasirikia. Mkono wake ni mali ya Wajerumani. Wenzao wengine wanafanya mazoezi mbali, kule kaskazini, na Glody hana usafiri wa kwenda na kurudi kila siku.

Nikasimama. Nikasema nitarusha mimi.

Walicheka, Papa. Spéciose alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nikavua aproni, nikachukua mpira. Wa kwanza ukapanda juu ya bati la Othmani. Wa pili ukaingia kwenye spaza kupitia dirisha lililofungwa na kutua ndani ya trei ya mayai. Othmani akatoka na ute unamchuruzika kwenye kanzu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Léo, jirani yangu, nimekukosea nini?"

Hiyo ilikuwa tarehe 6. Sasa narusha mia tatu na haupotei hata mmoja, sawa, unapotea mmoja. Mpumelelo amenifundisha: simama upande, mpira kwenye vidole viwili, nyonga itangulie na mkono ufuate. Ni kama kumwaga beseni la maji uani, nikamwambia hilo nimefanya maisha yangu yote. Tunasimama kwenye kichochoro nyuma ya saluni. Spéciose anahesabu kwa sauti, akichanganya Kirundi na Kifaransa, na wateja wake wanavumilia. Usiku bega linawaka moto, napaka dawa ya misuli, chumba kizima kinanuka.

Glavu bado inakataa. Mipira inaruka nje, Glody anaiokota, ananirudishia. Ila jana chini ya kidole gumba nimeona mkunjo mdogo. Nimeubusu, usicheke. Zimebaki siku ishirini.

Nilikuuliza, lakini mkono uliofanya ni wangu, ndiyo maana mimi ndiye ninayerusha. Kama unajua jambo lolote la kuharakisha ngozi bila kuiua, niandikie. Ukinyamaza nitakuelewa.

Binti yako,
Léocadie


Katuba, Lubumbashi
26 Novemba 2017

Mwanangu, mama yangu, Léocadie,

Nakusalimu na bega lako. Mimi chakula kilinikataa siku tatu baada ya barua yako, si kwa ugonjwa. Sasa nimekula.

Nina jambo nimekuficha tangu uzaliwe. Nilipokuwa kijana, patron wangu, bwana aliyenipa kazi, alikuwa mzee François, fundi wa viatu vya wakubwa. Kiatu kipya kinauma, unajua, na wakubwa hawapendi kuumwa. Basi patron akimaliza kiatu alitafuta mfanyakazi mwenye mguu wa kipimo hicho, akamwambia, vaa, tembea humu ndani mpaka kilainike. Mimi nilivaa viatu vya mameneja, vya daktari, hata vya hakimu. Kisha binti wa mkurugenzi akawa anaolewa, naye alikuwa na mguu mkubwa, kipimo changu hasa. Viatu vyeupe vya satini juu ya ngozi, visigino virefu hivi. Siku tatu, Léocadie, nilizunguka benchi la patron kwa viatu vya bibi harusi, nimejishika ukuta. Siku ya pili mlango ukafunguliwa, akaingia msichana kuchukua ndala za mama yake. Aliniangalia kuanzia kichwani, akashuka, alipofika miguuni akakaa chini sakafuni kwa kucheka. Huyo ndiye mama yako. Miezi minane nilikuwa nimemtongoza hataki hata kunisikia. Alisema alinikubali siku ile.

Kwa hiyo nilijua. Tangu siku ile najua kwamba kazi ya fundi ina mahali inapokoma, na baada ya hapo ni mguu wa mtu. Glavu sijapata kuiona maishani mwangu. Uliponiuliza ilinipasa kusema sijui, nikaona haya kusema sijui mbele ya binti yangu, nikakuandikia maneno makubwa. Kijana wa watu anakosa kazi kwa majivuno yangu. Barua ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nisamehe.

Sasa haya ninayoyajua kweli. Mafuta basi, usiongeze hata tone. Kabla ya kurusha, iweke juani robo saa, si zaidi, ngozi ipate joto. Kwenye mkunjo tu, pale inapofungia, isugue kwa vidole vyako kutoka nje kila siku mpaka uchoke. Jasho la mkono wake usilifute. Akimaliza kudaka, aweke mpira tumboni na kuifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ikaze. Na mrushe kwa nguvu. Kubembeleza hakutachimba kitu.

Nimewaeleza majirani mchezo huu. Wameniuliza kwa nini mtu anapiga mpira halafu anakimbia kuzunguka uwanja ili arudi pale pale alipoanzia. Nimegombana na watu wawili nikitetea mchezo nisioujua. Nijibu haraka.

Papa yako anayekukosea na kukupenda,
Évariste


La Rochelle
3 Desemba 2017

Papa wangu mwenye visigino virefu,

Nakusalimu kwa furaha! Uko mzima? Unakula? Mimi ni mzima, bega limezoea, na mkono wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto, mikono ya blauzi inanibana upande mmoja.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, nikalia kidogo, kisha nikampa Spéciose kipande cha bibi harusi tu. Nisamehe. Sasa saluni nzima inajua kipimo cha mguu wako. Kumbe ndiyo maana Mama, kila ulipopita na kiatu cha kike mkononi, alikuwa anatoka nje kucheka.

Tumefuata maneno yako yote. Jua robo saa, Othmani ndiye anashika saa. Amesamehe, ameweka wavu wa chuma dirishani na sasa yeye ndiye kocha, ananipigia kelele, "Kiwiko, Mama Léo! Kiwiko!" na yeye hajagusa mpira huo maishani mwake. Mpira wa baiskeli tumepata. Na kurusha kwa nguvu, Papa, hapo ulinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Jumatano nilirusha mmoja Glody akatoa mkono kwenye glavu na kuupungapunga. "Eish, Ma, unataka kuniua?" Nilifurahi siku nzima.

Na tumbo limeanza. Kuanzia Alhamisi mipira inakaa. Si yote. Katika mia tatu, kama ishirini bado inaruka, hasa ile ya mwanzo kabla ngozi haijapata moto. Glody anasema ile ya zamani ilikuwa inadaka yenyewe, hii bado anapaswa kuisaidia. Mbele yangu anacheka, lakini mama yake ameniambia chakula hamalizi. Jumamosi hii wakianza na mpira mgumu, ngozi bado baridi, sijui.

Swali lako: nimemuuliza Mpumelelo. Amesema pale pa kuanzia wanapaita nyumbani, na mtu anapata pointi akifanikiwa kurudi nyumbani. Nikamwambia basi sisi Wakongo wa La Rochelle tungekuwa mabingwa, maana hatuwazi kingine. Wape majirani jibu hilo.

Valentin anaondoka leo na barua hii. Jumamosi nitakwenda uwanjani, nimemwahidi Glody, lakini kuangalia sitaangalia. Moyo wangu hauwezi. Tuombee, Papa.

Binti yako mrushaji,
Léocadie


Kwenye benchi lako, La Rochelle
Jumapili, 10 Desemba 2017

Léocadie mwanangu,

Habari ya afya sikuulizi, nimekuona asubuhi hii ukinywa chai vikombe viwili na kuimba. Umekwenda kanisani. Miguu yangu imevimba kwa sababu ya basi, kwa hiyo nimebaki nimekaa kwenye benchi lako, na nakuandikia ingawa tutakula chakula cha mchana meza moja. Jana kila nilipofungua mdomo mtu alikuwa ananichezesha dansi.

Ulisema hutaangalia, na hukuangalia. Valentin aliponishusha uwanjani nilikukuta nyuma ya gari la soseji, kitenge kichwani, macho umefumba, vidole umeziba masikio. Sikukugusa. Ungepiga kelele kwa kuniona na kijana angegeuka. Ile visa niliyoiomba nije huku kupimwa sikio ilikuwa imetoka tangu Oktoba, sikukuambia kwa sababu sikutaka kupimwa. Barua yako nilipewa Jumanne, Jumatano nikapanda basi. Basi, kwa kuwa wewe hukuona, mimi nimekuangalizia. Sasa pokea.

Nilikaa na Spéciose. Alinitambua kwa miguu, amesema. Wachaguaji walikuwa wawili, wamevaa kofia, wana vitabu vya kuandikia, hawacheki. Vijana kama thelathini. Mimi sisikii, kwa hiyo kwangu uwanja wote ulikuwa kimya, nilikuwa na mpira tu wa kuutazama, na mpira niliuona vizuri kuliko wote waliokuwa na masikio.

Glody akaingia wa kumi na mbili. Aliruka ule mstari mweupe. Mpira wa kwanza ukaja kwa kasi, karibu na ardhi, akaufikia vizuri, ukagonga glavu na kuruka nje. Ukaanguka mbele yake. Léocadie, nilitaka ardhi inifunike. Mmoja wa wale wenye kofia akainamisha kichwa akaandika. Kijana akaokota mpira, akaupiga ngumi tumboni mwa glavu mara tatu, nne, akarudi mahali pake. Wa pili ukakaa. Wa tatu ukakaa. Spéciose akaanza kuhesabu, nasoma midomo yake. Wa nne, wa saba, wa kumi. Kila ulipotua niliona ngozi ikifunga yenyewe, na mimi ngozi naijua, ile ilikuwa inafunga kama mkono wa mtu aliyelala ukimtilia kitu kiganjani.

Kisha mwenye gongo akaupiga mmoja mbali upande wa kulia wa Glody, chini chini, ambao hata mimi nilisema huo umekwenda. Glody alijitupa. Mwili wote hewani, mkono umenyooka, akaanguka kifudifudi na vumbi likamfunika. Watu wote wakasimama, sikuona kitu. Vumbi lilipotulia alikuwa bado chini, ameinua glavu peke yake, na mpira umekaa katikati, mweupe, kama tonge la bukari kwenye kiganja. Yule mwenye kofia akaacha kuandika. Akampa mwenzake kalamu amshikie, akapiga makofi.

Saa saba wakasoma majina matatu. La Glody lilikuwa la pili. Spéciose aliruka na kutua juu ya mguu wangu, huu uliovimba zaidi. Mwezi wa tatu anaondoka. Yaliyofuata hapo unayajua, maana alikuja mbio nyuma ya gari la soseji akakuinua na kitenge chako, na ulipofumbua macho ukaniona mimi, ukadhani nimekufa na nimekuja kukuaga.

Sasa lile nililotaka kusema jana. Kuharibu, sote wawili tuliharibu. Lakini mimi nilikaa Katuba nikaandika kwamba mteja ashukuru, na wewe ulisimama kwenye kichochoro na kurusha mipira elfu kumi. Ningekuwa mimi, ningemwambia yule kijana pole na kufunga kibanda. Miaka yote nimekuwa nikikuita mwanafunzi wangu mbele ya watu. Sitarudia tena. Najivunia wewe, Léocadie, nasema waziwazi nisije nikalificha na hili.

Alikuja mwanamume mmoja sasa hivi na viatu vyake vya kazi, soli imeachana. Alisema maneno mengi, nikashika moja tu midomoni mwake, fundi. Nadhani alikuwa anauliza kama ni mimi. Nikamjibu, fundi yuko kanisani, mimi ni baba yake. Ameviacha. Viko chini ya benchi. Sijavigusa.

Papa yako,
Évariste